Saa Moja Kutoka Chang'ombe

Kwa miaka kadhaa sikuweza kwenda mbali zaidi ya mwendo wa saa moja kutoka Chang'ombe. Hakuna aliyeniwekea amri hiyo, wala haikuwemo kwenye mkataba wangu wa kazi. Niliigundua polepole, kama mtu anavyogundua kwamba kiatu kinambana wakati ameshatoka nacho nyumbani.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ofisi yetu ilikuwa kwenye jengo la zamani huko Chang'ombe, upande wa Temeke, na tulikuwa tunatoa huduma ya kugonga mhuri wa muda kwenye nyaraka za kompyuta. Wakala wa forodha anatuma hati ya mzigo, mwanasheria anatuma mkataba, hospitali inatuma majibu ya vipimo. Mashine yetu haisomi kilichoandikwa. Inapokea tu alama ya hati, mfano wa alama ya kidole chake, inaibandika tarehe na saa, kisha inatia saini. Baada ya hapo mtu akibadilisha hata nukta moja, mhuri unamkataa. Na akitokea mtu mahakamani akidai mkataba umetengenezwa juzi, mhuri unaonyesha kwamba ulikuwepo tangu mwaka jana.

Saini hiyo ilitegemea ufunguo wa siri, na ufunguo ulikaa ndani ya kijiti cheusi mfano wa flashi, kilichochomekwa nyuma ya seva, kwenye chumba kidogo chenye kiyoyozi. Kila seva ilipozima na kuwaka upya, kijiti kiliomba namba ya siri. Tulikifunga kwa namna ambayo namba hiyo ilibidi ipigwe pale pale, na mtu aliyesimama mbele ya mashine. Namba nilikuwa naijua mie peke yangu.

Umeme ukikatika Temeke, betri za akiba, ambazo zilishachoka, zilihimili kidogo kisha zikaachia. Umeme ukirudi mashine inawaka, kijiti kinasubiri, na hati za watu zinakwama. Simu yangu inaita. Mie nakaa Kimara, kwenye nyumba aliyoiacha baba, pamoja na mama yangu. Kutoka Kimara mpaka Chang'ombe, kwa basi la mwendokasi kisha bodaboda, foleni ikiwa na huruma, ni kama saa moja. Zaidi ya saa moja wateja walianza kupiga simu kwa hasira. Ndiyo maana nasema saa moja.

Mwenye kampuni alikuwa mzee wa Kihindi, Mshia, mzaliwa wa Dar, aliyerithi duka la vipuri kutoka kwa baba yake akaliuza ili aanzishe biashara hii ambayo ndugu zake hawakuielewa. Alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo lililonifanya nishindwe kupumua. Mama alipolazwa, mzee alikuwa anamtuma dereva wake kila asubuhi ampelekee supu. Alikuja Kimara kumjulia hali, akavua viatu mlangoni, akakaa kwenye mkeka kana kwamba alizaliwa hapo. Mtu wa namna hiyo unamkatalia vipi?

"Mzee, mtu wa pili aijue ile namba," nilimwambia zaidi ya mara moja. "Mie nikiumwa je?"

"Usiumwe, binti yangu."

"Nasema kweli, mzee."

"Na mie nasema kweli. Wangapi wamepita hapa? Wamekwenda na wateja, wamekwenda na kompyuta, mmoja amekwenda mpaka na pazia. Wewe hukwenda na kitu. Nakuamini wewe tu."

Nilikuwa natoka pale nikiwa nimesifiwa, na mlango umefungwa.

Binti wa mama mdogo aliolewa Morogoro. Niliomba ruhusa mapema, nikamsihi fundi wa jenereta la ofisi, ambalo mara nyingi lilikuwa bovu, asicheze mbali siku hiyo, na asubuhi tukapanda basi stendi ya Mbezi Luis, mama na kitenge chake kipya, mie na boksi la vyombo magotini. Basi lilishawasha injini. Simu ikaita.

"Binti, imezima," mzee alisema. "Hospitali wananipigia. Uko wapi?"

"Niko njiani, mzee," nilijibu.

Nilimwomba kondakta anifungulie mlango. "Sista, gari haitakusubiri," alinionya. Nikampakatisha mama lile boksi. Alilishika vizuri, akatazama mbele kama abiria mwingine yeyote, na basi likatoka. Nilibaki nimesimama kwenye stendi ile kubwa na nguo yangu ya kwendea harusi, watu wakinipita na mabegi yao, nikatafuta bodaboda ya kunirudisha mjini. Kupiga namba kulichukua muda mfupi kuliko kunywa glasi ya maji. Mzee aliniagizia chai ya maziwa na kababu. Nilikula zote, kwa sababu zilikuwa za moto na sikuwa na pengine pa kwenda.

Mengine yalikuwa madogo, lakini yalirundikana. Mafunzo ya Arusha niliyakataa. Kuna mtu alitaka tuanze maisha Dodoma; alisubiri, kisha akaacha kusubiri. Nikiwa sokoni, nikiwa saluni na kichwa kimejaa maji, taa zikififia kidogo tu nilikuwa natazama simu kabla sijatazama dari. Mama alizoea. Akikaribisha mgeni alikuwa anasema, "Huyu msimzingatie, anaweza kuondoka wakati wowote."

Kisha mjomba akafa. Alikuwa kaka wa pekee wa mama, mkulima wa korosho kijijini karibu na Newala. Habari zilifika asubuhi, na kwa desturi ya Kiislamu walimzika siku ileile, kabla hata hatujapata tiketi. Mama alikaa kwenye kibaraza bila kulia. Jioni akaniita.

"Mazishi yamenipita," alisema. "Arobaini haitanipita. Na siendi peke yangu kama nilivyokwenda Morogoro, miguu hii hainibebi tena. Utanipeleka?"

"Nitakupeleka, mama."

"Usiniambie hivyo kama huendi."

"Nakwenda."

Wakati huohuo ikaja barua pepe kutoka kwa kampuni ya nje iliyokuwa inatupa vyeti. Ufunguo peke yake haumwambii mtu lolote. Lazima uwe na cheti kinachoeleza kwamba ni wa kampuni fulani na kazi yake ni kugonga muda. Cheti chetu kilikuwa kinakaribia kuisha, na walikuwa wanasema kipya hawatakitoa kwa ufunguo uliomo kwenye kijiti cha aina ile. Ufunguo mpya ulitakiwa uzaliwe ndani ya kifaa cha ulinzi kilichothibitishwa, na njia rahisi kwa ofisi ndogo kama yetu ilikuwa kukodi nafasi kwenye klaudi, yaani kwenye mashine za kampuni nyingine zinazofikiwa kwa mtandao. Niliisoma mara mbili. Sitaficha kwamba moyo ulinidunda kama wa mtu aliyesikia jina lake likisomwa kwenye orodha ya wanaoachiwa.

Mzee hakufurahi hata kidogo.

"Ufunguo wangu ukae kwa watu nisiowaona?"

"Ni mashine zao, mzee, zinalindwa usiku na mchana. Ufunguo unazaliwa humohumo ndani na hautoki."

"Hautoki kabisa?"

"Kabisa. Mie siuoni, wao hawauoni. Seva yetu inapeleka alama ya hati kwa mtandao, inarudishiwa saini. Basi."

"Kwa hiyo mie mwenye kampuni ufunguo wangu siuoni, siushiki, siuweki kabatini." Akaonyesha kwa kidole chumba cha seva. "Kile naweza kukishika."

"Lini umekishika, mzee?"

Alitaka kucheka, akajizuia. Siku zilizofuata alitafuta wauzaji wengine wa vyeti, na wote wakamjibu vilevile. Mwishowe alikubali kwa masharti mawili. La kwanza, mtu mmoja asiweze kubadilisha chochote kuhusu ufunguo. Kila badiliko lipate idhini ya watu wawili, na wawili hao wawe yeye na mie. La pili, ufunguo uitike kwa mashine ya ofisi yetu tu. "Mtu akiuita kutoka mlango mwingine," alisema, "usiitike." Niliona masharti ni mepesi. Niliyaandika yote kwa mkono wangu mwenyewe, na la pili nililiweka kwa kuuamuru ufunguo usikubali ombi lolote lisilotoka kwenye anwani ya intaneti ya ofisi.

Siku ya kuuzalisha ufunguo alivuta kiti cha plastiki akakaa pembeni yangu, miwani juu ya paji la uso. Nilichagua aina ya ufunguo, nikachagua kazi yake, kutia saini tu, kisha nikafika kwenye kitufe cha mwisho.

"Sema bismillahi," aliniambia.

Nikasema, nikabonyeza. Ukatokea mstari mrefu wa herufi na tarakimu.

"Ndiyo huo?"

"Hilo ni jina lake tu, mzee."

"Na wenyewe?"

"Umo ndani."

Alisogeza uso mpaka karibu na kioo, kama mtu anayechungulia kisimani. Kisha tukagawana madaraka. Seva ilipewa ruhusa ya kuomba saini na si zaidi. Haiwezi kufuta, haiwezi kunakili. Mzee na mie tukapewa idhini, kila mmoja kwa simu yake, kwa tarakimu zinazobadilika kila baada ya muda mfupi. Alijifunza taratibu, akizisoma kwa sauti kama anayesoma namba za bahati nasibu, na mara nyingi zilikuwa zimeshabadilika kabla hajamaliza.

Nilidhani kilichobaki ni kutuma maombi ya cheti na kusubiri. Lakini mzee alikuwa mfanyabiashara.

"Weka na kusaini ankara humohumo," alisema. "Cheti kimoja, kazi mbili."

"Haiwezekani, mzee. Cheti cha kugonga muda kinatakiwa kiwe na kazi hiyo moja tu. Kikiwa na ya pili, programu za wateja zitakataa mihuri yetu yote."

"Waulize."

Nikawauliza. Walichelewa kujibu, na walipojibu walikataa. Tukaanza upya.

Kisha wakataka kuhakikisha kwamba kampuni ipo. Utaratibu wao ulikuwa kupiga simu kwenye namba iliyo katika kumbukumbu za usajili wa biashara, si namba tunayowapa sisi. Namba hiyo ilikuwa ya simu ya mezani ambayo ilikufa zamani sana. Simu yenyewe ilikuwepo bado, pale mapokezi, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na dada wa mapokezi alikuwa anaitumia kukandamizia karatasi ili feni isizipeperushe. Niliwaandikia kwamba imekufa. Wakanijibu kwa adabu kwamba hawawezi kupiga nyingine. Asubuhi baada ya asubuhi nikawa kwenye foleni za kubadilisha namba katika kumbukumbu, kaunta moja ikinipeleka nyingine, na adhuhuri umeme ukikatika nakimbilia Chang'ombe kupiga namba ya kijiti kilekile nilichokuwa natafuta njia ya kukitoroka.

Nyumbani mama alishaanza kufunga mizigo. Shuka, sukari, mchele kwenye kiroba, sabuni za wajane. Kila nikiingia alikuwa anauliza, "Wameshakupa hicho cheti?" na mie nikawa najibu, "Bado," na yeye anaendelea kukunja shuka lilelile.

Hatimaye namba ikabadilishwa na simu ikaja. Dada wa mapokezi ndiye aliyepokea. Alikuwa mama wa makamo, mkazi wa Tandale, aliyefika ofisini hapo kabla yangu. Mwanamke wa upande wa pili alimuuliza kwa Kiingereza kama kampuni ipo kweli, na kama mie, aliyenitaja kwa majina yangu yote, nafanya kazi hapo.

"Yupo," dada alimjibu, pia kwa Kiingereza. "Huyu yupo kila siku."

Alikata simu akanicheka. Mie nilicheka kidogo, nikaingia chooni nikanawa uso.

Cheti kilifika kabla ya arobaini, kwa kuponea chupuchupu. Nilikiweka kwenye seva pamoja na vyeti vinavyokidhamini, nikakiunganisha na ufunguo ulio mbali, nikatuma hati ya majaribio. Mhuri ukarudi. Nikaufungua kwa programu wanayotumia wateja, ukakubalika. Mihuri ya zamani niliijaribu pia, ikabaki salama. Kisha nikamwomba mzee ruhusa ya kuchomoa waya wa umeme.

"Makusudi?"

"Makusudi."

Mashine ikanyamaza. Nikachomeka, ikawaka, taa zake zikacheza. Nilisimama mbele ya kibodi kwa mazoea, mikono imeshanyooka. Hakuna kilichoniomba kitu. Baada ya muda mihuri ikaanza kutoka yenyewe, mmoja baada ya mwingine.

"Haijaomba namba?" mzee aliuliza.

"Haiombi tena."

Alitikisa kichwa taratibu. Hakuonekana mwenye furaha. "Haya," alisema. "Mpeleke mama."

Tulipanda basi la Newala. Mkuranga ikapita, Kibiti ikapita, tukavuka daraja la Rufiji, na kila mji nilikuwa natoa simu nikiitazama. Saa moja ilikwisha zamani. Nilikuwa mbali kuliko nilivyowahi kuwa tangu niajiriwe, na badala ya kufurahi nilikuwa nahesabu saa za kurudi.

"Hebu tia hiyo simu kwenye pochi," mama alisema. "Tazama mikorosho."

Nikatazama mikorosho. Baada ya Somanga mtandao ukawa unakuja na kupotea, na mahali fulani kabla ya Lindi nililala usingizi mzito, kichwa begani kwa mama, kama mtoto.

Siku ya arobaini walitandika mikeka uwanjani. Wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine, nyuma ya nyumba masufuria ya wali yanachemka. Wajane wa mjomba walimshika mama mikono, na hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza mbele yangu. Nilikaa nyuma yake. Kisomo kikaanza. Niliyafuata maneno kwa midomo, na kwa kitambo nilikuwa pale tu, sipo pengine popote.

Simu ikatetemeka mfukoni mwa dera. Ulikuwa ujumbe wa dada wa mapokezi. "Sista mihuri yote inakataa. Mzee ameshabonyeza upande wake, anahema vibaya. Piga."

Nilielewa kabla sijasimama. Umeme ulikatika, ukarudi, na kampuni ya intaneti ikaipa ofisi anwani mpya. Seva yetu ikauita ufunguo, ufunguo ukaiona inatoka mlango mwingine, ukanyamaza, sawasawa na nilivyouamuru. Kuubadilisha kulihitaji idhini mbili. Mzee alishaomba anwani mpya ikubaliwe na kutoa idhini yake. Ilikuwa inangojwa yangu.

Nikanyanyuka kwenye mkeka. Nilimwona mama akinitazama kwa pembe ya jicho. Nikapita kati ya wanawake nikiinama na kuomba radhi, nikatoka nyuma ya nyumba, nikapanda kilima kidogo penye tenki la maji, kwa sababu kijana mmoja alinielekeza kwamba hapo mtandao unashika.

"Binti, bonyeza," mzee alisema nilipompata.

"Nabonyeza, mzee. Ukurasa haufunguki."

"Mawakala wa forodha wako hapa ofisini. Wamesimama."

"Nasikia, mzee."

"Bonyeza tena."

Nilizunguka lile tenki nimeinua simu juu. Ukurasa unafunguka nusu, unaganda, tarakimu zinabadilika, naanza upya. Chini kule walishafika kwenye dua. Sikuyapata maneno, nilipata sauti tu, imamu akipanda na kushuka, na kila baada ya kitambo amina ya watu wengi kwa pamoja. Ilikuwa dua ya mjomba wangu, nilisafiri siku nzima kuifuata, nikawa naisikiliza kutoka kwenye tenki la maji.

Na hapo ndipo ilipoingia akilini. Zamani kamba yangu ilikuwa inaishia saa moja kutoka Chang'ombe. Sasa tulikuwa tumeirefusha. Popote penye mtandao, Newala, Arusha, Dodoma, hata ng'ambo, mzee angeweza kuniambia nibonyeze, na ningebonyeza, kwa sababu ningeweza. Hakuna pahali ningekuwa njiani tena. Ningekuwa nimefika siku zote. Na kazi hiyo yote nilikuwa nimeifanya mwenyewe, kwa bismillahi.

Ukurasa ukafunguka. Nikatoa idhini. Baada ya muda mzee akasema, "Inagonga. Mungu akuweke," akakata.

Niliporudi walikuwa wanaondoa masinia. Mama hakuniuliza kitu mbele za watu. Jioni, tulipokaa wawili kwenye kibaraza cha marehemu, alisema, "Huyo mzee wako hana mtu mwingine?"

"Watoto wake wote wako Kanada. Hana."

"Kwa hiyo wewe ni mfanyakazi wake au mtoto wake?"

Mama hakusubiri jibu. Aliendelea kuchambua korosho alizopewa na wajane, akitenga zilizopasuka.

Niliporudi Dar nilikwenda moja kwa moja ofisini kwa mzee. Nilimsalimia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza hali ya mama. Nikamwambia yote kabla ujasiri haujaniishia.

"Mzee, nataka tuongeze mtu kwenye idhini. Tuwe watatu, wawili wowote wakikubali inatosha. Na kampuni ya intaneti nitaiandikia itupe anwani isiyobadilika."

"Mtu gani?"

"Dada wa mapokezi."

"Yule?"

"Yuko hapa kabla yangu. Hajaondoka hata na pazia."

Hakucheka. Aligeuza kiti akatazama dirishani, kule chini malori yalikokuwa yanapishana.

"Nilikuwa na mtu mmoja," alisema. "Sasa unaniambia niwe na watatu. Maana yake sina hata mmoja."

Ilinichoma, nami nilijua ingenichoma. Nikakaa bila kukaribishwa.

"Mzee, unaikumbuka siku ile ulinipigia, hospitali wanalalamika, nikakwambia niko njiani?"

"Siku nyingi ulikuwa njiani."

"Siku hiyo nilikuwa njiani kwenda Morogoro, kwenye harusi. Nilishuka kwenye basi. Mama alikwenda peke yake, na boksi la vyombo mapajani."

Akanigeukia. "Hukuniambia."

"Hukuniuliza."

"Ungeniambia, ningesema nenda."

"Na mihuri je, mzee? Nani angepiga namba?"

Alitazama upande wa chumba cha seva. Alikuwa mzee sana wakati ule, mdogo ndani ya shati lake jeupe, na kwa mara ya kwanza nilifikiri kwamba na yeye alikuwa hajatoka Chang'ombe miaka yote ile. Alikuwa anakuja hapo kila siku kunisubiri mie nije.

"Mwite," alisema.

Kumfundisha dada hakukuwa kazi. Simu yake ilikuwa na kioo kilichopasuka, tukahangaika tu kusoma tarakimu kupitia nyufa. Alitaka kuelewa kila kitu kabla ya kubonyeza, jambo ambalo mzee hakuwahi kulitaka.

"Kwa hiyo mie na mzee tukikubaliana, wewe hata ukiwa umelala?"

"Hata nikiwa nimelala."

"Na kama mzee anakosea?"

"Unakataa. Ndiyo kazi yako."

"Nimkatalie mzee?" Alicheka mpaka akashika kifua. Kisha akaacha kucheka, akalitafakari.

Mzee alininunia kwa wiki kadhaa. Hakunigombeza. Alinisemesha mambo ya kazi tu, na mchana alikula peke yake, mlango umerudishwa. Kababu zilikoma. Nilikuwa nimeitamani hali ile kwa miaka, mtu wa kawaida kwenye ofisi ya kawaida, na nilipoipata ilikuwa baridi kuliko nilivyodhani. Kuna siku nilikaribia kurudi kumwambia basi, tuache kama zamani.

Jumamosi moja nilimsindikiza mama soko la Tandale. Alikuwa anatafuta mihogo ya kuchemsha na nazi, na hachukui nazi bila kuitikisa sikioni, basi tulizunguka meza hadi meza, wapagazi wakitupigia kelele tupishe viroba. Simu niliisahau Kimara, kwenye chaji. Nilikumbuka tukiwa katikati ya soko. Nilisimama, mkono umeshaingia kwenye pochi, nikiupapasa mkebe wa poda na funguo za nyumba.

"Kuna nini?" mama aliuliza.

"Hamna kitu."

Tukaendelea. Tulikula mihogo na kachumbari palepale, tumesimama.

Jumatatu nilipofika ofisini, dada wa mapokezi alikuwa ananisubiri mlangoni na kitenge kipya begani. Jumamosi ile seva ilileta matatizo, wakalazimika kuhamishia kazi kwenye mashine ya akiba na kuipa ruhusa ya kuuita ufunguo. Mzee aliomba badiliko, dada akalisoma, akaona mzee ameandika jina la mashine vibaya, akalikataa.

"Alisemaje?" nilimuuliza.

"Alivaa miwani akasoma herufi moja moja. Kisha akaandika upya. Nikampitishia."

Nilitazama kwenye kumbukumbu za mfumo. Yote yalikuwepo pale, ombi, kukataliwa, ombi tena, idhini mbili, na jina langu halikuwemo popote. Niliyasoma mpaka mwisho. Kisha dada akaniuliza kama nitakunywa chai, nikamwambia ndiyo, na tukaenda kunywa.